Koleo la Mzee Ezekia

Kuna maneno ambayo mkwe hayatamki mbele ya baba mkwe wake hata nyumba iwe inaungua. Recheli alifundishwa hayo kabla hajaolewa. Shangazi zake wa Kwihara walimkalisha chini jioni nzima wakamwambia: kwenye kiti cha baba mkwe usikae, akiwa anakula usimtazame mdomoni, na habari za mwili kuanzia kiunoni kushuka chini hizo hata usizifikirie akiwa karibu. Recheli alicheka siku ile. Aliona ni mambo mepesi, atayaweza tu. Sasa alikuwa mke wa mtu katika kijiji kimoja nje kidogo ya Igunga, ana mtoto wa kiume mgongoni, na neno moja katika yale yaliyokatazwa lilikuwa limemkaa kooni kwa miezi, hata ugali haupiti vizuri.

Neno lenyewe ni korodani. Mwanawe Mayunga hakuwa nazo. Au tuseme vizuri, maana muuguzi wa zahanati alimkataza Recheli kusema mtoto hana: alikuwa nazo, ila hazikuwa mahali pake. Mfuko ulikuwepo, mdogo, umelala bapa, na ndani yake hamkuwa na kitu.

Muuguzi huyo aliitwa Advera, mama mnene asiye na haraka. Alimweleza Recheli tangu kliniki ya kwanza. Mtoto wa kiume akiwa tumboni, alisema, korodani zake zinaumbwa juu kabisa, jirani na figo. Zikishaumbika zinaanza safari ya kushuka, zinapita kwenye kinena, na kabla mtoto hajazaliwa zinakuwa zimeingia mfukoni. Wapo wanaozaliwa safari haijaisha. Wengi wao zinashuka zenyewe katika miezi ya mwanzo, kwa hiyo asubiri, asihangaike na dawa za mtu yeyote. Recheli akasubiri. Kila alipomwogesha mtoto alitazama, na kila alipotazama alikuta vile vile.

Mayunga alipoanza kukaa, Advera alisugua vidole vyake mpaka vikapata joto, akamlaza mtoto, akabonyeza kinena taratibu upande huu na upande ule. Akazikuta. Zilikuwa kama punje za maharage, zimekwama pale pale, moja kulia na moja kushoto.

"Hizi hazishuki tena zenyewe," alisema. "Anahitaji upasuaji, na asifikishe mwaka na nusu. Mwili una joto jingi mno kwa hizi. Zikikaa humo zinaharibika kidogo kidogo."

"Zikiharibika itakuwaje?"

"Atakua, atakuwa na ndevu, utamwona mwanamume kama wanaume wengine. Lakini kupata mtoto itakuwa shida."

Recheli alitembea kurudi nyumbani akiwa amemshika mtoto kifuani badala ya mgongoni. Alikuwa anaogopa, na hakuwa na wa kumwambia.

Mumewe, Silasi, alikuwa dereva wa lori, akipeleka mizigo Kigoma na kuvuka mpaka Burundi. Yule ni mwanamume wa kushusha trela lenye shehena kwenye mteremko huku mvua inanyesha na redio inaimba. Lakini mwambie azungumze na baba yake jambo la aibu, utamwona anavyotafuta njia ya kukimbia. Recheli alimpigia simu akamweleza yote. Silasi akauliza jambo moja tu.

"Umemwambia baba?"

"Mimi? Nimwambieje mimi, Baba Mayunga? Wewe ndiye mwanawe."

"Kwenye simu haisemeki. Na bila baba kusema ndiyo, mimi siwezi. Yule mtoto ni wa ukoo."

Kwa desturi, jambo la namna hii hupitia kwa mama mkwe. Angekuwepo Koleta, mke wa mzee, Recheli angemnong'oneza jikoni asubuhi, na jua likizama habari ingekuwa imeshamfikia mzee bila mtu kuona haya. Lakini Koleta alifariki kabla Mayunga hajazaliwa. Boma lilibaki na watu watatu: mkwe, mzee, na mtoto ambaye ndiye habari yenyewe.

Na huyo mzee, jamani, hakuwa mzee wa kawaida katika mambo hayo. Mzee Ezekia alikuwa ndiye anayehasi madume katika vijiji vyote vya upande ule. Anayetaka maksai wa kuvuta plau anamwita yeye. Alikuwa akija na koleo lake la chuma, refu kama mkono wa mtu mzima, akapapasa juu ya mfuko wa dume mpaka akaukuta mshipa, akaubana mara moja kwa nguvu bila kuchana ngozi wala kumwaga damu. Baada ya wiki kadhaa kilichokuwa kimejaa kikawa kimenyauka. Dume akatulia, akanenepa, akalima. Watu walimsifu kwa mkono mwepesi. Kwa mtu kama huyo ndiko Recheli alikotakiwa kupeleka habari ya mfuko mtupu wa mjukuu wake.

Angeendelea kunyamaza, nadhani, kama si redio. Siku moja ilitangaza kwamba madaktari bingwa wanakuja hospitali ya mkoa, Kitete, watakaa wiki moja, na miongoni mwao yumo daktari wa kupasua watoto. Wiki moja tu. Recheli alikuwa anapeta mchele. Akaweka ungo chini.

Jioni hiyo alimpelekea mzee ugali na mlenda, akapiga goti, akamnawisha. Siku zote akimaliza huondoka. Safari hii alibaki pale pale na birika mkononi, macho yake yakiwa chini.

"Baba, naomba kuuliza jambo la mifugo."

Mzee alishangaa kidogo. Mkwe wake alikuwa mtoto wa wakulima, watu wa mihogo na karanga, na ng'ombe alikuwa akiwaogopa waziwazi. "Uliza, Mama Mayunga."

"Ndama dume akizaliwa, halafu vile vitu vyake vikawa havijashuka. Inakuwaje?"

Mzee alikuwa ameshakata tonge. Akalirudisha kwenye sahani.

"Vyote viwili?"

"Vyote viwili."

"Huyo ndama ana umri gani?"

"Anakaribia mwaka."

"Amepewa jina?"

Hapo ndipo Recheli angeweza kurudi nyuma. Angesema hana jina, ni ndama wa jirani, wakamalizia hapo, kila mmoja akalala na heshima yake. Machozi yalikuwa yameshamjaa.

"Amepewa jina la baba yako, Baba."

Mzee hakuinua uso. Alikaa akiutazama ugali unavyopoa, na alipozungumza aliongea na sahani.

"Nilijua. Siku ile ulipokwenda kuteka maji ukaniachia, alinikojolea. Nikamvua nimbadilishe nguo. Mimi kazi yangu ndiyo hiyo, Mama Mayunga. Jicho langu likifika pale halikosei."

Basi Recheli akaelewa mambo mengi kwa mara moja. Zile kaptula ambazo mzee alimletea mtoto kila aliporudi mnadani, na ule ukali wake kila alipomkuta Mayunga anatambaa uchi uani kama watoto wenzake, yeye alidhani ni majivuno ya babu. Kumbe alikuwa anamficha. Miezi yote hiyo walikuwa wanaishi boma moja, kila mtu amebeba mzigo ule ule, kila mtu anamwonea mwenzake haya. Alimhurumia mzee, na pia alimkasirikia, na akajikasirikia mwenyewe.

Akamweleza habari za Kitete. Hakutaja kiungo chochote kwa jina. Alisema wanafungua hapa juu kidogo, wanavishusha, wanavishona mahali pake visirudi.

"Hapana," mzee akasema. Hakusema kwa ukali. "Kisu pale, hapana. Kuna mshipa unatoka juu kwenda chini, ndio unaolisha. Ukiguswa vibaya, kilichoko chini kinakauka. Mimi nimekausha vya madume mengi, najua ilivyo rahisi. Hao watavivuta kwa nguvu, na mshipa utabanwa, halafu watanirudishia mjukuu maksai. Sasa hivi angalau vipo, hata kama vimejificha."

"Muuguzi anasema vikikaa huko vinaharibika."

"Muuguzi amesema. Ondoa sahani, mama."

Recheli akaondoa sahani, ugali ukiwa mzima. Alimpigia Silasi akamwambia baba amekataa, na Silasi akauliza sasa yeye afanyeje. Recheli akakata simu. Si mtu wa kukata simu, ila siku hiyo aliona akiendelea kumsikiliza atasema la kujutia. Alikaa kwenye kigoda akawaza, na kadiri alivyowaza ndivyo jambo lilivyozidi kuwa dogo na la wazi. Wakitaka kumfukuza, nyumba ya mama yake Kwihara ina chumba. Wiki ya madaktari ikipita, hakuna chumba chochote kitakachoirudisha.

Asubuhi alifunga kanga na nepi kwenye mkoba, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda kupiga goti kwenye mlango wa mzee.

"Shikamoo, Baba. Nakwenda Kitete na mtoto."

"Marahaba," mzee akajibu kutoka ndani.

Recheli alifika kituoni kabla ya basi. Hakuwahi kumkaidi mtu mzima maishani mwake. Basi la Tabora lilipotokea, mzee naye alitokea nyuma ya vibanda, amevaa koti lake la kanisani, na begani amening'iniza kiroba chenye kitu kirefu ndani.

"Nakwenda kusikiliza," alisema, akiitazama barabara. "Sijakubali."

Kwenye basi mzee alikaa mbele, Recheli nyuma kabisa, kama inavyopasa. Walipofika Nzega mzee alinunua karanga za kuchemsha dirishani, akagawa nusu, akamkabidhi kondakta ampelekee yule mama mwenye mtoto kule nyuma. Kondakta akauliza aseme zimetoka kwa nani. Mzee akamwambia apeleke tu karanga, habari nyingine hazimhusu.

Getini pa hospitali mlinzi alitaka kujua kiroba kina nini.

"Chombo cha kazi," mzee akasema.

"Kazi gani, mzee wangu?"

"Kuhasi."

Mlinzi alimtazama, akatazama kiroba, kisha akasogea pembeni akawapa njia pana kuliko ilivyohitajika.

Daktari alikuwa mwanamke, Daktari Hafsa, mtu wa pwani kwa lafudhi yake, na umri wake usingemzidi mjukuu mkubwa wa mzee kama angekuwa naye. Hili halikumpendeza Mzee Ezekia. Alikuwa amejiandaa kuongea na mwanamume. Akaipokea shikamoo ya daktari, akatazama kiti alichoonyeshwa, akamtazama Recheli aliyekaa na mtoto magotini, kisha akakigeuza kiti kikaelekea ukutani, akakaa akiangaliana na tangazo la vyandarua. Daktari Hafsa alikuwa ameishi bara vya kutosha. Hakuuliza kitu.

Alimpima mtoto kwa utulivu. Akazikuta mahali pale pale alipozikuta Advera, akasema ni afadhali, kwa sababu zilizoko kinenani zinafikika kirahisi kuliko zilizobaki tumboni. Kisha akaeleza atakavyofanya. Recheli alielewa nusu. Nusu nyingine alikuwa anasikiliza kama mgongo wa mzee utasema neno.

Mgongo ukasema. "Daktari, nimekuja na kitu ili tuelewane."

Mzee akatoa koleo kwenye kiroba, akalipitisha juu ya bega bila kugeuka. Daktari Hafsa akalipokea kwa mikono miwili, maana lilikuwa zito, akaliweka mezani katikati ya makaratasi. Akalifungua na kulifunga. Meno yake hayakuwa makali. Yalikuwa manene, ya kubana.

"Ukibana, mzee, unabana wapi?"

"Juu ya mfuko. Palipo na mshipa."

"Nionyeshe."

Sasa, mtu hawezi kuonyesha kitu kwa kuelekea ukutani. Mzee alihangaika kidogo, kisha akageuza kiti. Alichukua kile kiroba, akakikunja kikawa na umbo analotaka, akaonyesha kwa vidole viwili jinsi mshipa unavyokwepa na jinsi unavyonaswa. Alikuwa fundi anayeeleza ufundi wake, na kwa dakika chache alisahau nani yumo chumbani. Recheli aliinamia nywele za mtoto asije akamkumbusha.

"Hapo hapo ndipo ninapopaogopa mimi," daktari akasema. "Mshipa huo wa damu unakwenda pamoja na mrija wa kupitisha mbegu, vimefungwa kama kamba moja. Wewe kazi yako ni kuubana. Mimi kazi yangu ni nisiubane. Kwa mtoto huyu kamba ni fupi kwa sababu safari haikuisha. Kwa hiyo sivuti. Naachanisha nyama zinazoishikilia, polepole, mpaka irefuke yenyewe, ndipo nashusha. Ikigoma kufika, naiacha pale ilipofika, nitarudi siku nyingine."

"Na mshipa ukiumia?"

"Itakauka."

"Hutokea?"

"Hutokea. Si kwa wengi, lakini hutokea, hata kwa mtu mwenye mkono mzuri. Siwezi kukuahidi, mzee."

Recheli alimvuta mtoto karibu. Alitaka daktari aseme usijali, kila kitu kitakuwa sawa, wamalize. Hakujua kwamba lile ndilo jibu pekee ambalo mzee angeliamini. Mzee Ezekia alikuwa amezeeka minadani. Muuzaji anayesema ng'ombe wake hana kasoro hata moja, yeye humwacha na ng'ombe wake.

"Na zikibaki huko zilipo?" akauliza. "Nani kaona kwamba zinaharibika?"

Daktari akaeleza taratibu. Korodani zina kazi mbili, alisema. Moja ni kutengeneza ile homoni inayomfanya mwanamume awe na sauti nzito, ndevu na misuli. Kazi hiyo joto haiisumbui sana. Ya pili ni kutengeneza mbegu, na hiyo inataka ubaridi kidogo kuliko mwili ulivyo. Ndiyo sababu zinaning'inia nje, na ndiyo sababu kukiwa na baridi zinajivuta juu, kukiwa na joto zinateremka.

"Dume hufanya hivyo," mzee akasema.

"Ndiyo. Mtu na dume hapo ni wamoja. Zikikaa ndani, sehemu inayotengeneza mbegu inakufa, na ile ya sauti na misuli inaendelea. Mtu anakuwa dume kwa kumtazama tu."

Mzee alikunjua kiroba chake, akakikunja tena. Daktari akatazama saa yake kwa siri, maana nje walikuwepo wengi wanaosubiri.

"Ujanani, kabla sijashika koleo, nilikuwa na dume jekundu," mzee akaanza. "Nilimnunua mnadani Igunga. Shingo hii hapa. Anapigana, anapanda kila jike. Msimu mzima majike yangu hayakushika mimba. Nikasema majike ni tasa, nikayauza, nikabaki na yeye. Mwaka uliofuata nikanunua mitamba, ikawa vile vile. Tulipomchinja ndipo nikaona. Mwenye kumuuza alishamtoa moja, ile ya nje. Nyingine ilikuwa imebaki juu, kwenye kinena, ndogo, laini. Nikasema nimerogwa." Akapapasa ukingo wa meza. "Kumbe ni joto."

"Ni joto, mzee."

Mzee Ezekia akasimama, akafunga vifungo vya koti.

"Mama yake ndiye atakayetia sahihi," alimwambia daktari. "Mimi nimesikia."

Akatoka. Koleo lake alilisahau mezani, na Recheli ndiye aliyelibeba pamoja na mtoto na mkoba wa nepi.

Upasuaji ulifanyika kesho yake. Recheli alikaa kwenye benchi la nje, mzee akakaa benchi lile lile ila mwisho wa upande wa pili, na katikati yao palipita watu, ndoo, na machela. Mzee alikuwa amelala kwa mshirika wa kanisa la Moravian pale mjini na alikuwa amepigiwa koti pasi. Mara moja tu mzee aliuliza, akitazama mbele, kama mtoto alikuwa amenyonya kabla. Recheli akamjibu walimkataza. Mzee akasema basi atakuwa na njaa, maskini.

Daktari Hafsa alipotoka alikuwa amevua kofia na uso wake umechoka.

"Zimefika zote mbili. Ya kulia haikunisumbua. Ya kushoto mshipa wake ni mfupi, nimehangaika nayo. Kama imeshika au haijashika, wiki chache zijazo ndizo zitakazosema. Mtamleta, mwenzangu wa hapa atamtazama."

Recheli akashukuru mpaka akaishiwa maneno. Mzee alisema asante mara moja, kisha akaenda kusimama peke yake karibu na bomba la maji. Aliposikia neno kushoto, mkono wake wa kushoto ulikuwa umejifumba wenyewe.

Wakarudi nyumbani. Kidonda kilikauka vizuri, nyuzi zikayeyuka zenyewe kama walivyoambiwa, na Mayunga akaanza kusimama kwa kushika ukuta kana kwamba hakuna lililotokea. Uvimbe ukaisha. Advera alisema ngozi imepona, lakini la ndani wasubiri siku ya kurudi Kitete. Silasi alipiga simu kila alipopata mtandao, akiuliza lile lile, na Recheli akimjibu lile lile, kwamba bado.

Ukweli ni kwamba aliogopa kugusa. Aligusa siku moja akimwogesha, kwa ncha ya kidole. Akakuta kitu pande zote mbili, lakini hakujua kitu kilicho hai kinakuwaje na kilichokufa kinakuwaje. Katika kijiji kizima alikuwepo mtu mmoja anayejua tofauti hiyo kwa vidole, na mtu huyo alikuwa anapita mbali. Asubuhi mtoto akiogeshwa uani, mzee alitoka zizini, akasimama karibu na lango, akajifanya anakagua kamba, kisha akaondoka. Watu wawili walikuja kumwita akahasi. Aliwaambia mkono unamuuma. Recheli alimwona kila siku akipasua kuni kwa mkono huo huo, na alijua vizuri kinachomuuma si mkono. Mzee alikuwa anaogopa kama yeye. Pengine zaidi, kwa sababu yeye akigusa angejua.

Asubuhi moja, siku chache kabla ya kurudi Kitete, Recheli alikuwa ameketi na beseni la maji ya vuguvugu, mtoto yumo ndani anapiga maji kwa viganja. Mzee akatokea zizini, akasimama langoni, akashika kamba yake. Kwa kawaida Recheli angemfunika mtoto kanga mpaka babu apite. Kanga ilikuwa pale begani. Hakuishusha.

"Baba," akaita. "Njoo unisaidie."

Mzee akatazama nyuma yake, kama vile kuna baba mwingine. Hapakuwa na mtu. Akaja polepole. Recheli akamtoa Mayunga majini, akampangusa, akamnyooshea mzee vile vile alivyo, uchi, anarusha miguu.

"Mimi sijui," alisema. "Wewe unajua. Niambie."

Mzee Ezekia alikunja mikono ya shati. Kisha akainama, akanawa mikono kwenye maji ya mtoto, akaisugua mpaka ikapata joto, akaketi kwenye kigoda na kumpokea mjukuu wake magotini. Akafumba macho. Vidole vyake vilikuwa vinene, vimepasuka, na vilikwenda taratibu kuliko Recheli alivyowahi kuona vidole vikienda. Vikaanza kulia. Vikakaa. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Vikaenda kushoto.

Kushoto vilikaa muda mrefu. Mayunga alicheka, akamshika babu ndevu, akazivuta, na babu hakuhisi. Recheli hakugeuza uso. Alikuwa anamtazama baba mkwe wake machoni, yakiwa yamefumbwa, na hakukumbuka kwamba hapaswi.

"Hii ni ndogo kuliko mwenzake," mzee akasema.

"Baba."

"Ngoja. Ni ndogo. Lakini imejaa, na inateleza." Akapitisha kidole tena. "Iliyokauka naijua, mama. Nimezikausha mimi mwenyewe maisha yangu yote. Korodani hii ya mwanao iko hai."

Akafumbua macho, na machozi yakamshuka mbele ya mkwe wake bila kuyaficha. Recheli naye akalia, ameketi chini kwenye udongo ulioloa. Mzee aliendelea kumshika mtoto vile vile, mkono wake umemfunika, mpaka maji ya kuogea yakapoa kabisa na ikabidi yachemshwe mengine.